Kipuri cha alumini kilichochapwa kwa leza: namna ya kukiandaa kisipasuke kwenye mashine ya boti

Vipuri vya mashine za zamani za boti vinazidi kuadimika Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Kishikio cha oltaneta kinakatika, duka halina, na mashine yenyewe kiwandani waliacha kuitengeneza zamani. Siku hizi kuna njia nyingine. Kijana mwenye kompyuta anapima kipande kilichokatika, anakichora upya, anatuma faili kwa kampuni ya nje ya nchi inayochapa metali kwa leza, tabaka juu ya tabaka, na baada ya muda analetewa kipuri kipya cha alumini. Kinakuja na cheti. Cheti kinasema nguvu ya kuvuta ni megapaskali 400 na ushee (megapaskali hupima mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo la metali), zaidi ya alumini nyingi za kumimina kwenye ukungu.

Cheti hakidanganyi, ila kinajibu swali ambalo ziwa haliulizi. Nguvu ya kuvuta hupimwa kwa kuvuta kipande mara moja mpaka kikatike, ilhali kwenye boti hakuna anayekivuta kishikio mara moja. Kinatikiswa kidogo kidogo, mamilioni ya mara, kwa mzigo ambao ungeuweka mara moja tu usingekifanya chochote. Ufa huzaliwa mahali padogo, ukasogea kwa kila mtikiso, mpaka nyama iliyobaki inashindwa. Huo ndio uchovu wa metali. Alumini iliyochapwa ina tabia zake katika uchovu, na ukizijua kabla ya kuagiza unaweza kuokoa fedha na hata watu. Mwongozo huu ni kwa mafundi na wahandisi vijana wa Mwanza na visiwani wanaotaka kuitumia teknolojia hii kwa akili.

Hatua ya 1: Amua kama kipuri kinastahili kuchapwa

Jiulize kwanza: kikikatika katikati ya maji, kati ya Kirumba, Mwanza, na Nansio kule Ukerewe, nini kitatokea? Kikiwa kishikio cha oltaneta, taa zitazima na betri itaishiwa chaji, lakini mtafika. Kikiwa mkono wa usukani, propela, au kitu kinachobeba mashine nzima nyuma ya boti, watu wanaweza kufa. Vya namna hiyo usivichape. Hata kama kuna viwanda vinavyochapa vipuri vya ndege, vina maabara, skani na miaka ya majaribio nyuma yao. Wewe una faili na cheti cha ukurasa mmoja.

Jiulize pia kama umbo linahitaji kuchapwa. Kishikio cha bapa chenye matundu manne kinachongeka kwenye bamba la alumini ya aina ya 6082 au 6061 pale pale karakana za Nyakato. Bamba lililoviringishwa kiwandani halina vitundu vingi ndani, na kwa uchovu mara nyingi litashinda kipuri cha kuchapa. Chapa pale umbo linapokuwa gumu kweli: lina njia za maji ndani, au kuta zinazopinda pande tatu.

Hatua ya 2: Soma kipande kilichokatika kabla hujakitupa

Watu wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye faida kubwa kuliko gharama yake. Safisha sura ya mkatiko kwa petroli na brashi laini. Usizirudishe sura mbili kuzigusanisha ili kuona kama zinaingiliana, maana zitasuguana na kufuta ushahidi. Ziangalie kwa taa iliyolazwa pembeni, ukitumia simu yenye kamera nzuri.

Mkatiko wa uchovu huwa na maeneo mawili. La kwanza ni laini, mara nyingi lina mistari ya kupinda iliyozungukana kama mawimbi yanayotoka nukta moja. La pili ni chakavu, lenye punje na kingo zilizoraruka: hapo ndipo nyama ya mwisho ilipoachia kwa mpigo. Fuata mistari ya kupinda kinyumenyume mpaka ufike ilikoanzia. Utakuta kona kali, ukingo wa tundu la boliti, shimo la kutu, au kitundu cha hewa kilichobaki tangu kipuri kilipomiminwa. Piga picha, weka alama kwenye mchoro. Ukichapa kipuri kipya bila kurekebisha nukta hiyo, umechapa na mkatiko wake.

Angalia pia uwiano wa maeneo hayo. Eneo laini likiwa kubwa na la mwisho dogo, mzigo ulikuwa mdogo na ufa ulisafiri taratibu. Eneo la mwisho likiwa kubwa, kipuri kilikuwa kimeelemewa tangu mwanzo, na kubadilisha aloi (mchanganyiko wa metali) peke yake hakutasaidia: ongeza unene.

Hatua ya 3: Hesabu mizunguko

Chukua dizeli inayozunguka mara 1,800 kwa dakika. Kwa saa moja ni mizunguko 108,000, na milioni 10 inafika baada ya takriban saa 93 za kazi. Mashine ya kupachika nyuma ya boti, ikienda mizunguko 5,000 kwa dakika, inafikisha milioni 10 kwa saa 33 hivi. Boti ya dagaa inayowasha mashine kwa muda wa saa 3 kila usiku, kwenda na kurudi, inamaliza idadi hiyo kwa usiku 11.

Milioni 10 ndiyo idadi ambayo majaribio mengi ya uchovu huishia. Ukisoma kwenye karatasi ya kiwanda kwamba aloi inastahimili mkazo fulani, mara nyingi maana yake ni mpaka hapo tu. Chuma laini kina kiwango ambacho chini yake kinaweza kutikiswa karibu bila kikomo. Alumini haina kiwango cha wazi namna hiyo. Nguvu yake huendelea kushuka polepole. Kwa hiyo boti inayofanya kazi msimu mzima inapita mbali sana ile milioni 10, na namba unayoipanga lazima iwe ya woga.

Kanda yetu iliwahi kuguswa na somo hili. Mei 2, 1952 ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, iliondoka London kwenda Johannesburg, na Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu, ilikuwa moja ya vituo vyake. Mwaka 1954 Comet mbili zilisambaratika angani, Januari na Aprili. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliiweka Comet nyingine ndani ya tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza shinikizo tena na tena mpaka ngozi ya alumini ikapasuka kuanzia kwenye kona ya tundu. Ngozi ile ilikuwa na nguvu ya kutosha kwa shinikizo la mara moja. Kilichoishinda ni marudio.

Hatua ya 4: Fahamu kipuri chako kimejengwaje

Mashine hutandaza poda ya alumini tabaka jembamba, kwa kawaida maikromita 30 hadi 60, leza inayeyusha mahali panapotakiwa, tabaka jingine linafuata. Aloi inayotumika sana ni AlSi10Mg, yenye silikoni karibu asilimia 10 na magnesi chini ya nusu asilimia. Inapoa kwa kasi kubwa mno, ndiyo maana muundo wake wa ndani ni mwembamba na nguvu yake ya kuvuta iko juu.

Udhaifu wake uko sehemu tatu. Ya kwanza ni ngozi. Uso unaotoka kwenye mashine ni mkwaruzo mtupu: chembe za poda zilizoshikana nusu nusu na mabonde kati ya tabaka na tabaka. Kila bonde ni mwanzo wa ufa. Upande unaotazama chini wakati wa kuchapwa ndio mbaya kuliko zote.

Ya pili ni vitundu. Vya mviringo huletwa na gesi, hasa haidrojeni inayotoka kwenye unyevu wa poda. Vyenye kingo kali, vilivyolala bapa kati ya tabaka, hutokea pale leza iliposhindwa kuunganisha vizuri, na hivyo ndivyo vya kuogopwa. Mjapani Yukitaka Murakami alionyesha kwamba unaweza kukadiria madhara ya dosari kwa eneo lake likitazamwa kutoka upande wa mzigo, na kwamba dosari inayogusa uso ni mbaya kuliko ile ile ikiwa imezama ndani. Kwa hiyo cheti kinachosema «ujazo asilimia 99.8» hakikutoshi. Asilimia ni wastani. Uchovu hautafuti wastani, unatafuta kitundu kimoja kikubwa kilicho karibu na ngozi.

Ya tatu ni mkazo uliofungiwa ndani, unaobaki kwa sababu tabaka la juu linasinyaa likiwa limeshikwa na la chini. Kipuri kinaweza kuwa kimevutwa kabla hata hujakifunga boliti.

Hatua ya 5: Chora upya ukiufikiria uchovu

Kona zote za ndani zipe mviringo mkubwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Milimita 5 ni afadhali sana kuliko 1. Pale ulipoona nukta ya kuanzia katika Hatua ya 2, ongeza nyama na uondoe ukali. Halafu acha milimita 1 ya ziada kwenye kila uso utakaobeba mzigo, ili uichonge baadaye.

Hiyo milimita ina sababu yake. Leza huchora ukingo wa umbo kwanza au mwisho, na katikati hujaza kwa mistari. Mahali ukingo na mistari inapokutana, sehemu ndogo ya milimita chini ya ngozi, mara nyingi hujipanga vitundu vingi. Ukichonga juu juu, unaondoa mkwaruzo lakini unavifunua vitundu vile, navyo sasa vinagusa uso. Unakuwa na kipuri kinachong'aa na kilicho dhaifu. Chonga mpaka ulipite tabaka hilo, au usichonge kabisa.

Kwa kukadiria mkazo, programu ya FreeCAD ni ya bure na ina sehemu ya hesabu za mikazo. Mpaka nitakapokuwa na majibu ya vipande vya majaribio, kanuni yangu ni kutoruhusu mkazo wa kwenda na kurudi uzidi megapaskali 30 kwenye uso ghafi, na 60 kwenye uso uliochongwa na kung'arishwa. Wapo watakaoona namba hizi ni za woga kupita kiasi. Majaribio yaliyochapishwa kuhusu AlSi10Mg yenye uso ghafi mara nyingi hutoa chini ya megapaskali 100 kwa milioni 10, na yanatawanyika sana, kipande kwa kipande. Mimi nabaki na woga wangu.

Angalia pia kwamba kishikio hakiitikii mtikiso wa mashine. Mizunguko 1,800 kwa dakika ni mitikiso 30 kwa sekunde, na dizeli ya mipigo minne yenye silinda nne huwaka mara mbili kwa kila mzunguko, yaani 60. Kishikio kikiwa kimefungwa na oltaneta yake, kigonge kwa nyundo ya mpira ukirekodi kwa programu ya simu inayopima mitikiso. Kikilia karibu na 60, kiongezee mbavu kiwe kigumu zaidi.

Hatua ya 6: Andika oda inayosema kila kitu

Usitume faili peke yake. Andika kwenye oda: kipuri kisimamishwe namna ambayo mzigo mkuu hautaachanisha tabaka, nyuso zenye mzigo zisitazame chini wala kushikiliwa na nguzo za muda, poda ikaushwe kabla ya kuchapa, kipuri kipashwe joto la takriban nyuzi 300 kwa saa 2 kikiwa bado kwenye bamba la metali kilichochapwa juu yake, ndipo kikatwe, na kwenye bamba hilo hilo vichapwe vijiti 15 vya majaribio, vya mviringo, kipenyo milimita 14, vikisimama wima. Waambie vijiti vipite kwenye joto lile lile.

Kupasha joto nyuzi 300 kunashusha nguvu ya kuvuta, na wauzaji wengine watakushauri usifanye ili cheti kibaki kizuri. Kataa. Mkazo wa ndani unaondoka na kipuri kinapata uwezo wa kujinyoosha kidogo kabla ya kupasuka. Upashaji mkubwa wa T6, unaofika nyuzi 520 hadi 540, kuzimwa kwenye maji, kisha kupashwa tena karibu nyuzi 160, una faida zake kwa uchovu, lakini gesi iliyonaswa kwenye vitundu hutanuka kwa joto lile na vitundu vinaweza kukua. Kwa kishikio cha boti naona nyuzi 300 zinatosha.

Kuna aloi bora zaidi. Scalmalloy, yenye magnesi, skandi na zirkoni, ilitoka kwenye familia ya Airbus, na nguvu yake iko juu sana. Mwaka 2017 watafiti wa maabara ya HRL huko Marekani walionyesha kwamba poda ya 7075, aloi ya alumini yenye nguvu sana, iliyokuwa ikipasuka ikichapwa, hutulia ikipakwa chembe ndogo mno za zirkoni. Bei zake si za kishikio cha oltaneta. Fedha hiyo ilipie skani ya CT ya kipuri chako, kanuni ile ile ya hospitali, utaona vitundu vilipo.

Hatua ya 7: Jaribu vijiti kwenye mashine ya kukereza

Mjerumani August Wöhler, aliyechunguza mihimili ya magurudumu ya treni karne ya 19, alitumia wazo rahisi: zungusha fimbo huku imepindwa kwa uzito. Kila nusu mzunguko upande uliokuwa unavutwa unabanwa. Karakana yoyote yenye mashine ya kukereza inaweza kufanya hivyo.

Kereza kijiti kutoka milimita 14 mpaka kipenyo cha milimita 8 katikati, kwa mteremko mpana wa mviringo, kisha kipitishie msasa kwa urefu wake, namba 400 hadi 1200. Mikwaruzo ifuate urefu, isizunguke kijiti. Mwisho mmoja ubanwe kwenye chaki (kichwa cha mashine kinachoshika kazi), mwingine uingie kwenye beringi inayoning'iniza uzito. Kwa umbali wa milimita 100 kutoka uzito hadi pale penye milimita 8, kilo 6.15, pamoja na uzito wa beringi na ndoano yake, zinatoa mkazo wa megapaskali 120. Kilo 4.1 zinatoa 80. Weka kizuizi cha bati mbele, maana kijiti kikikatika uzito unaanguka na ncha inaruka.

Ukizungusha kwa 1,400 kwa dakika, unapata mizunguko 84,000 kwa saa, na milioni 1 kwa takriban saa 12. Weka swichi inayozima mota uzito ukianguka, na kihesabu mizunguko kinachotunza namba umeme ukikatika. Jaribu vijiti vitano kwa kila uzito, kwa viwango vitatu. Hivyo ndivyo vile 15 ulivyoagiza. Kimoja hakikuambii kitu, kwa sababu kijiti chenye kitundu kimoja kibaya kinaweza kuishi sehemu ndogo tu ya maisha ya mwenzake. Panga hesabu zako kwa kile dhaifu kuliko vyote.

Kila kijiti kilichokatika kisomwe kama ulivyosoma kishikio cha zamani. Mikatiko ikianzia kwenye vitundu vya bapa, mchapaji ana tatizo la leza au poda, na mrudishie picha.

Hatua ya 8: Maliza uso, kisha funga

Chonga nyuso zenye mzigo mpaka milimita 1 iishe, ng'arisha mviringo wa kona kwa mkono, ondoa ukali kwenye midomo ya matundu yote. Kama kuna karakana inayopiga uso kwa shanga za kioo au za chuma, ipelekee kipuri: mapigo hayo huacha ngozi imebanwa, na ufa hupata shida kufunguka.

Usichomelee kipuri hiki, hata na fundi mzuri wa agoni. Joto linavimbisha gesi iliyomo, mshono unajaa vitundu, na pembeni yake nguvu inashuka.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari, lakini boliti ya chuma cha pua kwenye alumini iliyolowa bado hula alumini taratibu, na shimo la kutu ni mwanzo wa ufa. Paka rangi, weka washa pana na grisi chini ya kila boliti. Kaza kwa spana ya kipimo. Boliti iliyolegea huongeza mtikiso kuliko kosa lolote la mchapaji.

Hatua ya 9: Kagua kwa rangi nyekundu

Sumaku, inayotumika kutafuta nyufa kwenye chuma, haisaidii kwenye alumini, kwa hiyo tumia makopo matatu ya kupulizia: kisafishi, rangi nyekundu inayopenya, na poda nyeupe. Safisha, pulizia nyekundu, subiri dakika 15, futa kwa kitambaa chenye kisafishi bila kukimwagia kipuri, kisha pulizia nyeupe. Ufa hutokea kama uzi mwekundu. Kwenye uso ghafi wa kuchapwa rangi hunasa kila bonde na utaona wekundu kila mahali, sababu nyingine ya kuchonga sehemu zenye mzigo.

Kagua baada ya saa 10 za kwanza za kazi, kisha 50, kisha kila 100, na andika saa hizo kwenye daftari la boti, siyo kichwani mwa nahodha. Uzi mwekundu ukionekana, hata wa milimita 3, kitoe kipuri siku hiyo hiyo. Usitoboe tundu mwishoni mwa ufa ukitumaini utasimama. Kwenye alumini iliyochapwa tundu hilo linaweza kuangukia vitundu vingine usivyoviona. Weka cha akiba, kwa hiyo agiza viwili tangu mwanzo, kutoka bamba moja.